Fundi friji ukumbini: jinsi ya kuhudhuria mhadhara wa mwanasayansi mashuhuri pale Mlimani

Mhadhara wa wazi ni bure. Hakuna anayekuuliza cheti wala shule uliyosoma, na tangazo likishasema wote mnakaribishwa, na wewe umo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowazuia wengi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, karakana yangu iko Sinza, pua na mdomo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunachokiita Mlimani, na bado vijana ninaofanya nao kazi wanaamini kwamba mtu wa mtaani anapanda Mlimani kwa mambo mawili tu: kupeleka kitu au kutengeneza kitu. Na mimi nilianza kwa kutengeneza. Siku hizi napanda kusikiliza, na kwa kuwa kila nikirudi naulizwa "Fundi, kule unaingiaje?", nimeona niandike mara moja, watu wasome.

Unaingia mahali pa namna gani

Chuo hiki kilianza Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilianzia mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, ndipo mwaka 1964 kikahamia kilimani. Kimepita pia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kabla ya kusimama chenyewe mwaka 1970. Ukikipima na Oxford, ambako tayari walikuwa wanafundisha mwaka 1096, hiki ni kichanga. Kwa hapa kwetu ni mzee: kilikuwapo kabla Tanganyika na Zanzibar hazijaungana. Na aliyelelewa na London lazima arithi nguo za London, ndiyo maana kwenye shughuli kubwa utaona majoho, kofia, na maandamano ya wanataaluma yanayoingia taratibu huku watu wote wamesimama.

Majoho hayo asili yake ni Ulaya ya zamani, kwenye majengo ya mawe yenye baridi ya kukatisha vidole. Sasa mvalishe mtu joho hilo juu ya suti, Dar, mwezi wa Februari. Nizungumze kidogo kama mtu wa viyoyozi: binadamu aliyekaa ametulia hutoa joto la takriban wati 100. Ukumbi ukiwa na watu 300, hizo ni wati 30,000. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile cha kawaida cha chumbani, kinaondoa kama wati 3,500. Kwa hiyo unahitaji karibu viyoyozi tisa kwa ajili ya miili ya watu peke yake, hujahesabu jua la paani, taa wala projekta. Ukiona profesa aliyevaa joho anajipepea kwa karatasi ya ratiba, usidhani ana wasiwasi. Ni hesabu.

Wewe hutakiwi kuvaa joho. Shati la kitambaa chepesi, suruali ya heshima, viatu vya kufunika. Kina mama, gauni au kitenge chochote cha kutokea kinatosha. Kaptura na kandambili ziache nyumbani. Utatazamwa mpaka usikie mhadhara nusu.

Kujua mhadhara upo

Habari za mihadhara hazikufuati mtaani, unazifuata wewe. Ziko kwenye mabango ya barabarani na getini, kwenye kurasa za chuo mitandaoni, na kwenye mbao za matangazo. Mimi nina njia yangu: wahadhiri nao wana friji. Ukimaliza kumjazia mtu gesi na mmeshaelewana bei, mwulize, "Mwalimu, mwezi huu kuna mhadhara wowote wa wazi?" Sijaona aliyekasirika kwa swali hilo, na wengine wanakutumia tangazo kwenye WhatsApp papo hapo.

Kwa ambaye hajawahi kwenda, aanze na Wiki ya Utafiti na Ubunifu. Ina maonyesho pamoja na mihadhara, watu wanaingia na kutoka, hakuna anayekushangaa. Ukishazoea, nenda kwenye mhadhara wa kiprofesa. Huo ni ule ambao mtu aliyefikia ngazi ya uprofesa anasimama mbele ya wenzake na umma kueleza alichokifanya miaka yote. Una taratibu nyingi zaidi, lakini ndio wenye utamu, maana mtu anazungumzia jasho lake mwenyewe, hasimulii kitabu cha mwenzake. Na usijifungie Mlimani. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, wako Kijitonyama, kituo cha Sayansi. Muhimbili nako wataalamu wa afya wanazungumza. Ukipenda lugha, pale pale Mlimani kuna Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na huko hutahangaika na Kiingereza.

Tangazo lisome mpaka chini kabisa. Kuna mambo matatu yanayowaponza watu: kujiandikisha kabla, jina la ukumbi, na maneno "kwa mwaliko". Penye mwaliko usijipenyeze, subiri mwingine. Jina la ukumbi nalo si dogo: kutoka ukumbi wa Nkrumah hadi maktaba mpya, ile iliyofunguliwa mwaka 2018, au hadi kumbi za Yombo, si hatua mbili, na kilima kile kikishakutoa jasho utaingia umelowa.

Maandalizi ya usiku mmoja

Huhitaji kusoma kazi zote za mgeni. Tafuta jambo moja tu alilofanya, na namna alivyolifanya. Hilo la pili ndilo watu wanaliruka, na ndilo litakaloamua kama utauliza swali la maana au la kujaza muda.

Nichukue mtu ambaye kila Mtanzania amewahi kumsikia, Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, tena akiwa safarini kutoa mihadhara. Mtu anaweza kukariri kwamba alichunguza sokwe mtu wa Gombe, akaishia hapo. Lakini ukitafuta namna alivyofanya, mambo yanafunguka. Alifika Gombe Julai 1960, hana shahada yoyote. Mwaka huohuo akamwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka majani membamba kwenye kichuguu, anayavuta yakiwa na mchwa, anawala. Akawaona pia wakipukutisha majani ya kijiti kabla ya kukitumia, yaani wanakiandaa. Enzi hizo wasomi walishikilia kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Cambridge wakampokea kusomea shahada ya uzamivu bila kuwa na shahada ya kwanza, na huko huko akaambiwa amekosea kuwapa sokwe majina, alitakiwa awape namba. Hakukubali.

Tayari una maswali matano hapo, na yote ni ya kwako. Kwa mfano: ukimpa mnyama jina, utajuaje kwamba hujaanza kuona kile unachotaka kukiona? Hilo swali linafaa kuulizwa kwa mtafiti yeyote wa wanyama, awe wa Gombe, wa Serengeti au wa kwao huko.

Goodall alikuwa na kawaida ya kufungua hotuba zake kwa kutoa mlio wa sokwe wanaposalimiana, kwa sauti, mbele ya mawaziri na maprofesa. Nataja kwa sababu utakutana na wageni wa namna hiyo: ukumbi umekaa kwa nidhamu ya msibani, halafu mtu anaanza kulia kama sokwe. Cheka. Inaruhusiwa.

Andika maneno matano au sita ya fani hiyo kwenye daftari, pamoja na maana zake kwa lugha yako. Ukiyasikia katikati ya Kiingereza kirefu yatakushika mkono.

Siku yenyewe

Kutoka Mwenge au Ubungo kuna daladala zinazoingia mpaka ndani ya chuo. Mwambie konda jina la ukumbi, akikosea yeye wanafunzi waliomo watakusahihisha. Beba kitambulisho, daftari, kalamu mbili na maji. Begi la spana na mtungi wa gesi acha karakana. Si kwamba ni haramu, ila utatumia dakika kumi getini kueleza kwamba leo hujaja kazini.

Chakula usibebe mkononi. Tumbili wa Mlimani hawajali wewe ni mgeni wa nani. Niliwahi kumwona mmoja akishuka mtini, akatembea kwa utulivu kabisa hadi kwa kijana aliyekuwa anasoma, akachukua mfuko wa maandazi na kuondoka nao bila haraka yoyote. Kijana alibaki ameshika kalamu.

Kama shughuli iko Nkrumah, fika mapema uutazame ukumbi kwa nje kabla hujaingia. Ndilo jengo lililochorwa nyuma ya ile noti ya shilingi 500 iliyoondolewa kwenye matumizi mwaka 2025, na watu waliishika noti ile miaka na miaka bila kujua walichoshika.

Viti. Safu za mbele zina karatasi za majina au vitambaa, hizo si zako. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia nyuma kabisa, na hilo ni kosa la pili: nyuma ni mahali pa wanaotoka mapema na wanaopokea simu. Kaa safu ya pili au ya tatu baada ya viti vya wageni kuisha, pembeni mwa njia. Pembeni ndiko maikrofoni inakopita wakati wa maswali. Ukiwa katikati, itabidi ivuke magoti ya watu kumi na mwenyekiti ataona taabu kukuchagua. Fundi mitambo akianza "moja mbili, moja mbili", acha kuongea usikilize. Kama "mbili" inakufikia ikiwa na mwangwi, hama mapema, maana Kiingereza cha mgeni chenye mwangwi ni adhabu.

Itifaki

Hapa wageni wengi wa mtaani wanajikunja, na hakuna sababu. Ukisikia watu wanaombwa wasimame, simama. Maandamano ya wanataaluma yataingia, wadogo kwa wakubwa, na hutakaa mpaka meza kuu ikae. Wimbo wa Taifa ukipigwa, tulia, mikono chini, simu mfukoni. Baada ya hapo fuata mwenzako wa kulia. Hata yeye anamfuata wa kulia kwake.

Kisha inakuja orodha ya salamu. Mwenyekiti wa Baraza, Makamu Mkuu wa Chuo, manaibu wake, marasi na maamidi (wakuu wa vitengo vya masomo), wakurugenzi, mabalozi, wanafunzi, mabibi na mabwana. Kila anayepanda anairudia yote mpaka ajitokeze mwungwana mmoja aseme "itifaki imezingatiwa", na hapo ukumbi mzima unampenda.

Kule London, kwenye Royal Institution, ambako Michael Faraday alianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni miaka ya 1820, desturi ni kinyume kabisa. Saa ikifika, mlango unafunguliwa, mzungumzaji anaingia, na neno lake la kwanza ni la sayansi. Hakuna utambulisho wala salamu. Wasikilizaji wao ndio waliozoea kuvaa kama wanakwenda harusini. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba taratibu ni ushamba wetu. Kila mahali wana zao, wanatofautiana tu wanaziweka kwenye mavazi, kwenye saa au kwenye orodha ya majina.

Ushauri wangu ni usizipoteze dakika hizo. Wasifu wa mgeni unaposomwa, sikiliza kwa kalamu. Alianza na fani gani kabla ya hii? Alikaa wapi muda mrefu? Mtu aliyeanza na uhandisi akaishia kwenye biolojia ya seli ataeleza mambo tofauti na aliyezaliwa humohumo, na ukijua hilo utamsikia vizuri zaidi. Nimepata maswali yangu mazuri kwenye wasifu kuliko kwenye mhadhara wenyewe.

Kusikiliza

Mihadhara mingi ya sayansi ni ya Kiingereza, na Kiingereza cha mwanasayansi ni kigumu hata kwa Mwingereza. Kuna umbo ambalo nimeliona likijirudia: mwanzo mgeni anazungumza na ukumbi mzima, katikati anazungumza na wenzake watano waliokaa mbele, mwishoni anarudi kwenu. Ukipotea katikati, umepotea pamoja na wengi, pamoja na baadhi ya wale wanaoitikia kwa kichwa. Usitoke. Pumzika, angalia picha, halafu kaa macho pale atakaposema neno lenye maana ya "kwa hiyo".

Grafu isikutishe. Mimi geji yoyote, kabla sijasoma mshale, naangalia kwanza inapima nini na kwa kipimo gani. Grafu ni hivyo hivyo: mstari wa chini unasema nini, wa wima unasema nini, vipimo vinaanzia sifuri au vimeanzia katikati ili tofauti ionekane kubwa? Mara nyingi hilo la mwisho peke yake ni swali.

Usipige picha kila ukurasa unaopita ukutani. Picha 60 za skrini hutazifungua tena mpaka simu ijae uzifute. Andika namba na mchoro, neno moja kando.

Na ukumbi ukiwa nusu tupu, usiondoke kwa kudhani umekuja kwenye jambo dogo. Newton mwenyewe, pale Cambridge, inasimuliwa kwamba alikuwa na wasikilizaji wachache kiasi kwamba kuna siku alisomea kuta.

Swali

Sasa tumefika nilipotaka. Mtu anaweza kukosea nguo, akachelewa, akakaa nyuma, lakini akiuliza swali la kweli, mhadhara ule umekuwa wake. Na mfano mkubwa kuliko wote tunao wenyewe, tena unanihusu mimi na friza zangu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, unaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo mwenzake aliweka maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado moto. Walipofungua, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado mazito tu. Akauliza mwalimu. Akaambiwa umechanganya mambo. Akaenda kidato cha tano Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia.

Ndipo akaja mgeni kutoa mhadhara: Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo hikihiki cha Dar es Salaam. Wakati wa maswali Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, akasema, ukatia maji ya ujazo sawa, kimoja yakiwa nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, yaliyoanza na nyuzi 100 yanatangulia kuganda. Kwa nini?

Wenzake wakamcheka. Osborne hakuamini, lakini hakucheka. Akamwuliza kama amejaribu mwenyewe, na aliporudi Dar akamwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akarudi na taarifa kwamba ni kweli ya moto yametangulia, ila asiwe na shaka, watarudia mpaka wapate jibu sahihi. Nikifika hapo huwa nacheka peke yangu karakana, maana fundi huyo namjua. Ndiye sisi wote. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education, na jambo hilo duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa akisomea wanyamapori Mweka. Mkwawa yenyewe tangu 2005 ni chuo kishiriki cha Mlimani.

Ubishi haujaisha hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya muda wa maji kushuka hadi nyuzi 0, wakasema hawakuona ushahidi, na kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini kunaweza kukupa tofauti ya uongo. Wengine wanataja mvuke unaopunguza maji ya moto, wengine hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Mimi nina upande wangu kutokana na kazi. Friza zetu nyingi zinaota barafu nyeupe kwenye bati la chini, na barafu hiyo imejaa hewa, inazuia joto kupita. Ndiyo maana ikizidi unene kompresa haipumziki. Chombo cha moto kinaiyeyusha na kukaa moja kwa moja juu ya bati. Cha baridi kinabaki juu ya utando. Maelezo hayo yametajwa na wasomi pia, sikuyavumbua mimi, ila nimeyaona kwa macho: unanyanyua sufuria unakuta duara safi la bati na kandokando barafu imesimama. (Usiende kujaribu na friza la mwenye nyumba wako. Ukiliharibu utaniletea mimi, na nitakutoza.)

Lakini rudi uangalie lile swali lilivyojengwa. Vyombo sawa, ujazo sawa, friza moja. Kila kitu kimesawazishwa isipokuwa kimoja. Namba zimo. Ameliona mwenyewe. Hakumsifu mgeni, hakueleza historia ya maisha yake, na mwisho wa sentensi kuna alama ya kuuliza. Andika la kwako kwenye daftari kabla hujanyoosha mkono, halafu likate liingie kwenye mistari mitatu.

Ukipewa maikrofoni, isogeze karibu na mdomo, taja jina lako na unakotoka, uliza, kaa. Usiwe yule anayesema "nina maswali mawili na mchango mmoja". Huo mchango mmoja huwa ni mhadhara wa pili, na ukumbi mzima unajua. Mimi hujitambulisha hivyohivyo, "fundi friji, Sinza", na nimegundua inasaidia: wanageuka kuangalia, na mgeni anajibu kwa lugha ya kueleweka. Kiingereza kikikugomea, uliza kwa Kiswahili. Ukumbi wa Dar haukosi wa kumtafsiria mgeni. Kwa kawaida mwenyekiti anakusanya maswali matatu matatu, kwa hiyo andika lako vizuri, mgeni akijibu mawili na kusahau la tatu uweze kumkumbusha kwa neno moja.

Akisema hajui, umeshinda. Andika tarehe.

Baada ya hapo

Neno la shukrani, picha ya pamoja, maandamano yanatoka, nanyi mnasimama tena. Usikimbilie meza ya vitafunwa; hiyo mara nyingi ni ya walioalikwa, na ukialikwa utaambiwa. Kama swali lako halikupata nafasi, simama karibu na njia anayopita mgeni. Kama ni profesa wetu, "Shikamoo Profesa" inafungua mlango kuliko sifa ndefu. Akiitikia marahaba, una dakika moja ya kuuliza. Mgeni wa nje mwite Profesa, mpe mkono, uliza moja kwa moja. Omba anwani yake ya barua pepe badala ya picha ya pamoja. Wanasayansi wakubwa wanajibu barua fupi zenye swali moja, ndefu wanaziweka kando mpaka wanazisahau.

Jioni daladala za ndani ya chuo hujaa wanafunzi. Ukiona foleni imekuwa ndefu, shuka kilima kwa miguu mpaka barabara ya Sam Nujoma, magari ya Mwenge na Ubungo yanapita muda wote. Na njiani msikilize anayetembea karibu yako. Kama na yeye anabishana na mwenzake kuhusu ile grafu ya tatu, jiunge nao.